Hakumwaga Hata Tone

Binti yangu Atu aliambiwa shuleni atengeneze mji wa zamani wa wachimba dhahabu ndani ya boksi la viatu. Hapa Sydney watoto wa umri wake hufundishwa habari hizo: jinsi watu walivyomiminika kutoka kila upande, wakapiga mahema, wakachimba, wakanywa, wakatwangana. Jumamosi asubuhi akatandaza magazeti juu ya meza ya jikoni kwetu Toongabbie, akamwaga vijiti, gundi na udongo wa kufinyangia, akaanza kazi. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu, sina hili wala lile.

Alihitaji mawe ya mgodi. Akashuka chini kwenye maegesho ya magari, akarudi na kokoto kwenye pindo la fulana, akazitia kwenye bakuli langu la kachumbari bila kuniomba ruhusa. Nyingine akazipondaponda kwa kisigino cha kiatu changu cha kazini. Kisha akamimina maji. Ile harufu iliponipata, ya jiwe lililopondwa likalowa, nilikiweka kikombe chini. Nina miaka mingi katika nchi hii na nilidhani pua yangu imeshasahau.

Akanivuta nione baa aliyoijenga. Ilikuwa nzuri, ina mlango wa kufunguka na kufungika, na ndani yake wanaume wanne wa udongo, kila mmoja na nyundo mkononi. Wanapigana, aliniambia kwa Kiingereza. Atu anakielewa Kiswahili chote, hata yale nisiyotaka ayaelewe, ila akijibu hujibu kwa lugha ya shule.

"Nyundo haziingii ndani," nikasema bila kufikiri. "Zinaachwa mlangoni."

Akaniuliza nani kasema.

"Bibi yako."

Sikuwa nimewahi kumsimulia. Anajua kwamba bibi yake, ambaye yeye ndiye somo wake, alikuwa akikaanga vitumbua Mbeya mjini. Hilo ni kweli. Lakini kabla ya vitumbua mama yangu alikuwa na kilabu cha pombe machimboni, na mimi, nikiwa na umri kama wa Atu leo, ndiye niliyekuwa mlinzi wa mlango wake.

Kijiji chenyewe tulikiita Machimboni tu. Kilikuwa barabara moja ya vumbi jeupe, makarasha ya kusaga mawe upande huu na vibanda upande ule, na kelele za zile mashine zilikuwa hazikomi mpaka ukizoea unaziona ni kimya. Watu walikuja wakiwa na begi moja na jina ambalo huenda si lao. Hakuna aliyeulizwa alikotoka. Baba yangu alitutangulia huko, akatuita, kisha siku moja akaenda kutafuta machimbo mapya, akayapata pamoja na mke mpya. Mama hakulia mbele yangu. Aliomba mapipa mawili ya plastiki kwa mwenye karasha, akaanza kupika komoni, pombe ya nafaka.

Kilabu chake kilikuwa cha mabanzi na bati, mabenchi manne, na kilifunguliwa mchana na kufungwa jua likiwa bado lipo. Wateja walilalamika, naye aliwajibu kwamba kwa mama mwingine milango iko wazi. Alikuwa mwembamba, hana sauti kubwa, lakini wanaume wenye mabega ya kuvunjia mwamba walikuwa wakimtii. Walimwita Mama Tusa, kwa jina langu, na mimi jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa.

Sheria yake ilikuwa hii. Mchimbaji anayetoka kazini huwa na nyundo na moko, ile patasi nene ya chuma ya kutobolea mwamba. Vyote viliachwa kwenye pipa kuukuu mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kuvipokea na kufunga kitambaa kwenye mpini ili nijue cha nani ni kipi: cha njano, cha buluu, cha maua, vipande vya vitenge vilivyochakaa. Na mtu akitoka hakupewa chombo chake mpaka afanye mtihani. Kando yangu palikuwa na ndoo ya maji, kata, na chupa tupu ya soda. Anachota maji kwa kata, anamimina ndani ya chupa mpaka ijae. Akimwaga, chombo kinalala kwetu na kesho akifuate akiwa na akili zake. Asipomwaga, anapewa.

Sijaona mahali pengine popote watu wakifanya hivyo. Nadhani mama aliubuni mtihani huo mwenyewe, kwa sababu alimjua mlevi kwa mikono kuliko kwa maneno. Mimi niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikaa juu ya gunia nimekunja uso, na mtu mzima akiloweka miguu yake nilitikisa kichwa kama mwalimu mkuu. Wanaume wale walicheka, wakaenda zao mikono mitupu. Sikumbuki hata mmoja aliyenibishia.

Miongoni mwao alikuwepo mjomba Lusekelo. Hakuwa ndugu, tulimwita hivyo tu. Alifanya kazi duara la Subira, na duara kwetu ndiyo shimo la mgodi. Alikuwa na kelele tangu akiwa mbali, anaimba, anatania, anapiga benchi kwa kiganja mpaka vikombe vinaruka. Aliniletea vijiwe vinavyometameta ambavyo si dhahabu, akinidanganya kwamba ni mahari yangu. Nilimpenda na nilimwogopa. Akishalewa sauti yake ilinifanya nibane magoti, na katika akili yangu nilishaamua kwamba siku damu ikimwagika pale, atakayeimwaga ni yeye.

Na alikuwepo Sijaona, wa duara la Namba Tano. Huyu alikuwa mtu mpole wa kuzungumza taratibu. Nikimwamkia aliitikia marahaba yote mpaka mwisho, si ile ya kumeza, kisha akauliza nimesoma nini leo. Akimaliza kunywa alikisuuza kikombe chake mwenyewe. Mara nyingine nilimwomba Mungu mtu huyu amwoe mama. Naandika hili na uso unaniwaka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Maduara yale mawili yalikuwa jirani, na wote walikuwa wakiufuata mwamba mmoja chini ya ardhi bila kuonana. Siku moja wakatobokeana. Nyundo ya huyu ilipenya ukuta, ikatokea kwa yule. Wachimbaji huita jambo hilo mtobozano, na hakuna neno walilolihofia zaidi, maana kuanzia hapo kila upande unasema mwamba ni wake. Mimi nilivyosikia nilifurahi. Nilidhani ni kama majirani waliofungua mlango kati ya nyumba zao, wapate kuombana chumvi. Nilimwuliza mama kama sasa watakuwa wanaamkiana kule chini, naye akaniambia nikaoshe vikombe.

Baada ya hapo waliacha kukaa benchi moja. Subira walikaa kulia, Namba Tano kushoto, na katikati pakabaki sakafu tupu ambayo hata kuku hakuipita. Mama angeweza kuwafukuza wote. Nimejiuliza sana kwa nini hakufanya hivyo, na jibu ni kwamba tulihitaji kula, na pia kwamba aliamini sheria yake. Kama nyundo ziko kwenye pipa, alikuwa akisema, wacha watukanane.

Kisha watu wa Subira wakachoma matairi na pilipili kwenye mdomo wa njia yao, wakausukuma moshi ule upande wa Namba Tano wakati watu wako ndani. Wengi walitoka wakitambaa. Mdogo wake Sijaona, kijana aliyeitwa Deo, alitolewa amebebwa. Alikohoa siku nyingi. Wakampakia kwenye gari la mchanga arudishwe kwao, na kabla mwezi haujaisha ikaja habari kwamba amezikwa.

Nani aliwasha tairi, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba mjomba Lusekelo alitunga wimbo. Ulikuwa mfupi na wa kuchekesha, unasema Namba Tano wana kikohozi, wapelekeeni asali. Aliutunga kabla Deo hajafa, nami nataka nimtendee haki kwa hilo. Lakini wimbo ukishatoka haurudi, na watu wa Subira waliuimba hata baada ya msiba, na mimi pale mlangoni nikiufunga huu mpini na ule nilikuwa nikiuimba pia, kwa sababu ulikuwa na mwendo mzuri mdomoni.

Siku moja Sijaona alifika nikiwa katikati ya wimbo. Aliinama, akaniwekea nyundo yake pipani.

"Wimbo mzuri," alisema. "Kakufundisha nani?"

"Mjomba Lusekelo. Katunga mwenyewe."

"Kumbe. Ana kipaji." Akaniuliza nimesoma nini leo, nikamwambia hesabu za kugawanya, akaingia ndani, akakaa kushoto.

Ilikuwa kama saa nane mchana Lusekelo alipotoka. Alikuwa amelewa chakari na amefurahi, na akataka nyundo yake ile yenye kitambaa cha njano. Nikampa kata. Maji yaliingia chupani machache, mengine yakaishia kwenye vidole vya miguu yake. Akajaribu tena, akacheka, akamwaga tena.

"Nipe hivyohivyo, bosi wangu," alisema. "Njia ya Subira ina nyoka."

"Hupewi. Umelewa."

"Haya. Askari kanikatalia." Akanipigia saluti, akashika njia akiimba, mikono mitupu, na mimi nikajiona nimefanya kazi kubwa ya kuwaokoa watu na mjomba Lusekelo.

Hata wimbo haujapotea masikioni, Sijaona akatoka. Hakuharakisha. Aliichukua kata mwenyewe kabla sijamwambia, akachota, akaileta juu ya mdomo wa chupa. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa imekauka, na kucha zenye weupe wa mawe. Maji yalishuka kama uzi. Chupa ikajaa hadi shingoni, akaigeuza kata, akairudisha ndooni taratibu.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

Nikamtolea nyundo yenye kitambaa cha buluu. Nilimpa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

"Asante, mwanangu. Msalimie mama."

Mama alikuwa nyuma ya kilabu akichuja komoni mpya. Alipoingia kuokota vikombe aliona cha Sijaona kimejaa, hakijaguswa, hata povu lilikuwa limeshalala. Nilimwona anasimama na kile kikombe mkononi. Aligeuka akatazama pipa, akanitazama mimi, na wakati huohuo ndipo wanawake wa makarashani walipoanza kupiga mayowe.

Sitasimulia nilichokiona njiani, maana nilikimbilia huko kabla mama hajaniwahi. Nitasema tu kwamba niliona kitambaa cha buluu, na kwamba Sijaona hakukimbia. Alikuwa amekaa chini kando ya mjomba Lusekelo, mikono juu ya magoti, anangoja watu wafike. Mama akanibeba juujuu, mimi niliyekuwa nimeshapita umri wa kubebwa, akanirudisha nyuma ya mapipa. Akaniuliza swali moja, nikamjibu. Kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka.

Mwenyekiti wa machimbo alikuwa ameshakusanya watu mbele ya kilabu. Aliuliza mbele ya wote nani alitoa nyundo.

"Nimetoa mimi," mama alisema.

"Mlangoni si hukaa mtoto?"

"Mtoto nilimtuma maji. Nimetoa mimi, kwa mkono huu." Akauonyesha.

Mke wa Lusekelo alikuwepo, mama Gwamaka, mwanamke aliyekuwa akija kwetu kuazima kinu. Aliutazama mkono ule wa mama, kisha akageuka akaenda. Siku ya mazishi mama alikwenda na debe la unga kichwani, kama desturi. Wanawake waliokuwa wakipokea walilipita debe lile kama hawalioni. Mama akalitua chini, akakaa pembeni mpaka mwisho, akarudi nalo kichwani. Kesho yake watu wa Subira walikuja kuvunja kilabu. Walilitoa banzi mojamoja, bila fujo, na mama alikaa juu ya gunia langu akiwatazama. Polisi walimhoji mara mbili, akawapa maneno yaleyale. Hatimaye walimwachia, kwa kuwa kumrudishia mtu nyundo yake si kosa la kumfunga mtu, lakini machimboni hapakuwa tena na wa kumwitikia salamu. Tuliondoka na mapipa matupu juu ya lori, hata moja halikutufaa baadaye kwa lolote ila maji.

Hakupika pombe tena, na hakulitaja jambo lile tena. Alinisomesha kwa vitumbua. Mimi nilisoma uuguzi, nikafika huku, na leo kazi yangu ni kuwahudumia wazee, ikiwa pamoja na kuwapimia dawa za maji kwenye vikombe vidogo. Mwenzangu Wanjiru, Mkenya, hupenda kunisifu mbele ya wageni: "Cheki mkono ya huyu dada. Haishake hata kidogo. Ukiwa na yeye kwa shift, huna wasiwasi." Anasema kwa upendo. Kila akisema hivyo natamani kukiweka kikombe mezani na kutoka nje.

Mama alipougua nilimpigia kila jioni. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo, nikajikaza.

"Mama, ile siku ya Sijaona."

"Ndiyo."

"Nyundo nilimpa mimi."

"Nilimpa mimi," alisema.

"Mama, tuko wawili tu kwenye simu."

"Wewe ulikuwa umekwenda maji, Tusa. Nilikutuma mimi. Ulichelewa kurudi mpaka nikakugombeza."

Sauti yake ilikuwa haina wasiwasi hata kidogo. Sijui kama ugonjwa ulikuwa umemchanganya akaamini, au kama alikuwa bado analinda mlango. Hiyo ndiyo simu ninayoirudia kichwani. Wiki ile ile akafariki. Sikuwahi kufika. Tulikaa matanga hapahapa Sydney, mtaa wa St Marys, kwa dada mmoja Mrundi wa kanisani kwetu, na watu walipojaa sebuleni aliniuliza, "Mama yako alikuwa anafanya kazi gani, tumuombee vizuri?" Nikajibu alikuwa fundi wa vitumbua. Wakamwombea hivyo, na mimi nikasema amina.

Haya yote nilimsimulia Atu pale mezani, kuanzia pipa hadi chupa ya soda, ila sehemu ya mlangoni niliisimulia bila kumtaja mtu. Nilisema Sijaona akapewa nyundo. Atu alikuwa ameshawanyang'anya nyundo wale wanaume wanne wa udongo, amezipanga nje ya baa, na sasa anafinyanga chupa ndogo isiyozidi kucha. Bila kuinua kichwa aliuliza kama ni bibi ndiye aliyempa.

Jibu lilikuwa tayari. Mama alikuwa ameniandalia miaka yote hiyo, akalilipia kwa jina lake na kwa salamu za watu, akaja kulikazia kwenye simu akiwa mahututi. Nilichotakiwa kufanya ni kuitika tu. Na mtoto angeendelea kufinyanga.

"Mimi," nikasema. "Nilikaa mlangoni mimi. Mjomba Lusekelo nilimnyima, Sijaona nikampa. Kwa mikono hii."

Atu aliacha kufinyanga. Alinitazama mikono, kisha uso, na niliona anavyonipima upya, kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yao. Niliogopa, sitaficha. Nilimwogopa mtoto wangu mwenyewe.

"Lakini alifaulu mtihani, Mama," akasema. Na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Hakumwaga."

Nyuma ya mapipa, siku ile, mama aliniuliza nani kampa nyundo, na mimi nilimjibu maneno hayohayo. Lakini alifaulu, Mama. Hakumwaga hata tone. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka komoni, akakikandamiza mpaka meno yakaniuma, watu wasisikie, akaniambia nisiyaseme tena maisha yangu yote. Nikatii.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kutoka mezani, na vidole viko karibu na mdomo wa Atu. Nikaurudisha chini.

"Sema tena," nikamwambia.